Maswali ya Wasomaji: Kwenda na Kurudi Ndani ya Sura za Qur'ani

SWALI: Assalamu alaykum, Ustadh. Ramadhani iliyopita imamu wetu aliisoma Suratu Yusuf katika tarawehe, na tulipokuwa tukitoka msikitini kijana mmoja alisema kwamba sura ile imepangwa kwa kwenda na kurudi, yaani mwisho wake unaujibu mwanzo wake hatua kwa hatua. Mimi nimeisoma tangu nilipokuwa chuoni na sikuwahi kuliona jambo hilo. Je, ni kweli, au ni maneno ya kupendezesha darasa tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Kijana huyo hakukosea, na kama Msahafu uko karibu nawe ufungue, kwa sababu jambo hili halithibitiki kwa kuambiwa bali kwa kuweka kidole kwenye aya.

Sura hii ina aya 111, na kisa chake kinaanza kwa ndoto katika aya ya 4: nyota kumi na moja, jua na mwezi vinamsujudia mtoto. Kisa kinafika ukingoni katika aya ya 100, wazazi wakiwa wamepandishwa kwenye kiti cha enzi na wote wameporomoka kusujudu, naye Yusuf anamwambia baba yake kwamba hiyo ndiyo tafsiri ya ndoto yake ya zamani. Mpaka hapo kila msomaji anaona. Ambayo wengi wetu tunayapita ni ya katikati. Baada ya ile ndoto mafundo yanafungwa moja juu ya jingine: ndugu wanamlia njama, mke wa Aziz, yule mkubwa wa Misri aliyemnunua, anamfungia milango, wanawake wa mjini wanaingia katika jambo hilo, gereza linafuata, na mwisho anaota mfalme ndoto ambayo waaguzi wake wanashindwa kuiagua. Kisha mafundo yanaanza kufunguliwa, na yanafunguliwa kinyumenyume, lililofungwa mwisho likitangulia kufunguka. Ndoto ya mfalme inaaguliwa, wanawake wanakiri, mke wa Aziz anakiri, ndugu wanakiri, na mwisho kabisa inatimia ndoto ya mtoto. Mwanazuoni Mustansir Mir aliueleza mpangilio huu katika makala yake ya mwaka 1986, na tangu hapo wengi wameurudia.

Tazama jinsi kurudi huko kulivyo kwa makini. Wakati wa kwenda, mke wa Aziz anatangulia (aya ya 23) na wanawake wa mjini wanamfuata (aya ya 30). Wakati wa kurudi, ndani ya aya moja tu, ya 51, wanaanza kusema wanawake, kisha ndipo mke wa Aziz anaposema kwamba sasa haki imedhihiri na kwamba ni yeye aliyemtaka Yusuf. Na wanawake hao wanafungua kauli yao kwa maneno "haasha lillaahi", maneno yale yale waliyoyatamka katika aya ya 31 walipomwona wakajikata mikono. Katika Qur'ani nzima maneno hayo hayapatikani penginepo isipokuwa hapo mara mbili. Mara ya kwanza yalikuwa ya kustaajabia uzuri wa sura yake, na mara ya pili yakawa ushahidi wa usafi wa tabia yake.

Liko na jingine la kuwekewa kidole. Yusuf anaponunuliwa Misri na kuingizwa nyumbani kwa Aziz, aya ya 21 inasema "wa kadhaalika makkannaa li Yuusufa fil ardhi", na hivyo ndivyo tulivyomweka Yusuf imara katika nchi. Anapokabidhiwa hazina za nchi, aya ya 56 inayarudia maneno hayo bila ya kubadilisha hata herufi. Aya ya kwanza inamhusu kijana aliyeuzwa kwa pesa chache za kuhesabika, na msomaji anaweza hata kujiuliza ni uimara gani huo wa mtumwa. Jibu linakaa kimya likingojea aya thelathini na tano.

Kanzu ndiyo ninayoipenda zaidi. Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani katika tafsiri yake ya Kiswahili alilitumia neno hilo, na lilitufaa, kwa kuwa linatuwezesha kuifuata nguo ya Yusuf kutoka mwanzo hadi mwisho. Inatajwa katika matukio matatu. Katika aya ya 18 inaletwa kwa Nabii Yaaqub ikiwa na damu ya uongo. Katika aya za 25 hadi 28 imechanwa kwa nyuma, na mchano huo unamtoa Yusuf katika tuhuma. Katika aya za 93 hadi 96 inatupwa juu ya uso wa mzee aliyepofuka kwa huzuni, naye anarudi kuona. Kanzu ya kwanza ilikuwa chanzo cha machozi, ya mwisho ikawa dawa ya macho, na ya katikati ndiyo pekee iliyosimama mahakamani.

Lakini sikufichi, usawa wa sura hii haukukatwa kwa msumeno. Kama kila kitu kingerudi kwa zamu, gereza lingefunguka mara tu baada ya ndoto ya mfalme kuaguliwa, kabla wanawake hawajasema neno. Haikuwa hivyo. Mjumbe wa mfalme anapokuja kumtoa, Yusuf anamrudisha: nenda kwa bwana wako ukamuulize, wana habari gani wale wanawake waliojikata mikono (aya ya 50). Mtu aliyekaa gerezani miaka anaukataa mlango uliokwisha funguliwa mpaka jina lake litakaswe. Mpangilio unapinda hapo, na umepindishwa na heshima ya mtu mwenyewe. Nikisoma vitabu vinavyochora sura hii kwa mistari iliyonyooka kabisa, huwa naona kwamba wachoraji wamelipita jambo kubwa kuliko walilolichora.

SWALI: Ustadh, nimetumiwa ujumbe kwenye simu unaosema kwamba Suratul Baqara ina aya 286, nusu yake ni 143, na aya ya 143 ndiyo yenye maneno "ummatan wasatan", umma wa katikati. Ujumbe unasema huu ni muujiza wa hesabu usioweza kupingwa. Niwasambazie wenzangu? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ningekuwa wewe ningengoja kidogo. Hesabu ya aya 286 ni ya wanazuoni wa mji wa Kufa huko Iraq, nayo ndiyo iliyopigwa chapa katika Misahafu tunayoitumia Afrika Mashariki. Wanazuoni wa Basra walihesabu 287, na wale wa Hijazi na Sham 285. Maneno ni yale yale, hakuna aliyezidisha wala kupunguza. Waliyokhitalifiana ni mahali pa kuhesabu kwamba aya imekwisha. Watu wa Kufa wanaihesabu "Alif Laam Miim" kuwa aya iliyojitegemea, na wengine hawaihesabu hivyo. Kwa hiyo ukichukua Msahafu wa riwaya ya Warsh, njia nyingine ya kuisoma Qur'ani, kutoka Moroko, nambari zimekwisha kusogea, na muujiza usioweza kupingwa utakuwa umepingwa na Msahafu wenyewe. Isitoshe, nusu ya 286 haiangukii juu ya aya yoyote, bali baina ya ya 143 na ya 144.

Pia neno "wasat" katika aya hiyo lina maana aliyoieleza Mtume (S.A.W.) mwenyewe katika hadithi ya Abu Said al-Khudri iliyopokewa na Bukhari: wasat ni uadilifu. Umma huo ni shahidi, na shahidi huhitaji uadilifu. Anayelifanya neno hilo kuwa kipimo cha rula amelipunguzia uzito.

Hata hivyo nisikukatishe tamaa, kwa sababu nyuma ya ujumbe huo kuna jambo la kweli. Kubadilishwa kwa kibla, ambako kunasimuliwa kuanzia aya ya 142, kuko kwenye kiuno cha sura kwa hesabu yoyote ile utakayoishika. Kabla yake maneno yalikuwa marefu juu ya Wana wa Israili, kisha juu ya Nabii Ibrahim na ujenzi wa Nyumba. Baada yake zinafuata sheria za umma mpya: kisasi, wasia, saumu, hija, ndoa na talaka, mikopo. Sura inageuka hapo pamoja na nyuso za wanaoswali. Tena mwanzo wa sura unawataja wanaoyaamini yaliyoteremshwa, na aya ya 285 inamtaja Mtume na waumini wakiwa wameyaamini yaliyoteremshwa. Mambo hayo yanatosha, na hayatikisiki kwa hesabu za miji.

SWALI: Mimi nina shaka na elimu hii yote. Qur'ani iliteremka kwa miaka 23, kipande kwa kipande, kwa sababu mbalimbali. Itakuwaje na mpangilio wa namna hiyo? Na je, si watu wa Magharibi walioichukua kutoka katika uchambuzi wa Biblia wakatubandikia? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Shaka yako ni ya zamani, na waliokutangulia kuwa nayo ni watu wazito. Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alisema kwamba kutafuta mahusiano ya aya ni elimu nzuri, lakini sharti yake ni maneno yawe yametoka katika jambo moja lililoungana. Anayeunganisha yaliyoteremka kwa sababu tofauti anajikalifisha. Shaukani wa Yemeni, aliyefariki mwaka 1834, alikuwa mkali zaidi yake katika tafsiri yake. Wanaowajibu hutofautisha mambo mawili: mfuatano wa kuteremka na mfuatano wa kupangwa. Aya ziliteremka kwa matukio, lakini mahali pa kila aya ndani ya sura paliwekwa kwa maelekezo ya Mtume (S.A.W.), aliyekuwa akiwaita waandishi na kuwaambia waiweke aya hiyo katika sura inayotajwa ndani yake jambo fulani. Aliyepanga hakupanga kwa tarehe. Kwa hiyo kuuliza kwa nini aya hii iko jirani na ile ni swali halali, ingawa si kila jibu linalotolewa ni zuri.

Ama la pili, ni kweli kwamba katika Ulaya elimu hii ilinolewa kwenye Biblia. Robert Lowth alichapisha mihadhara yake juu ya mashairi ya Kiebrania mwaka 1753, Nils Lund akaandika juu ya Agano Jipya mwaka 1942, na katika zama zetu Michel Cuypers, mtafiti aliyeishi Cairo, akaitumia njia hiyo kwa Suratul Maida mwaka 2007. Lakini kuinoa si kuizaa. Elimu ya munasaba, yaani mahusiano ya aya na sura, ina mlango wake katika vitabu vya elimu za Qur'ani, Burhan ya Zarkashi na Itqan ya Suyuti, na Burhanuddin al-Biqai, aliyefariki mwaka 885 Hijria, aliandika tafsiri nzima juu yake. Karibu na zama zetu, Hamiduddin Farahi wa Bara Hindi alifundisha kwamba kila sura ina nguzo moja inayozishika maana zake zote, na mwanafunzi wake Amin Ahsan Islahi akaandika tafsiri kubwa juu ya msingi huo.

Kwenda na kurudi kwenyewe kuna jina katika balagha, yaani elimu ya ufasaha wa Kiarabu, nalo ni laffu wa nashri: unakunja mambo kadhaa, kisha unayakunjua ukilifafanua kila moja. Soma Aali Imran, aya ya 106: siku ambayo nyuso zitang'ara na nyuso zitasawijika, ama wale ambao nyuso zao zimesawijika... Walitajwa wa kung'ara kwanza, lakini maelezo yanaanza na waliosawijika, kisha aya ya 107 inawarudia waliong'ara. Nuru iko mwanzo na mwisho, giza limo ndani. Ilinganishe na Huud, aya ya 105 na zinazofuata, ambapo waovu wanatajwa kwanza na kufafanuliwa kwanza, kisha wema. Wanazuoni wetu waliziona namna zote mbili wakazipa majina karne nyingi kabla ya Lowth kuzaliwa.

Na kama unataka dalili iliyo juu ya kitabu chochote cha balagha, ipo hadithi ya Abu Huraira katika Sahihi Muslim, ambamo Mwenyezi Mungu anasema: nimeigawa swala baina yangu na mja wangu nusu mbili. Mja akihimidi, akasifu na akatukuza, hizo ni za Mola wake. Akifika "Iyyaaka na'budu wa iyyaaka nasta'iin", anasema: hii ni baina yangu na mja wangu. Kisha maombi yaliyobaki ni ya mja. Swala iliyokusudiwa hapo ni Fatiha, na kati yake imeonyeshwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na aya hiyo ya kati nayo ina pande mbili, ibada ikielekea juu kwenye sifa na msaada ukielekea chini kwenye maombi.

SWALI: Nimeanza kujaribu mwenyewe kuchora mipangilio ya sura. Nitajuaje kwamba nimeuona ulinganifu uliomo na si wa kubuni? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Nitakusimulia lililonipata. Miaka mingi iliyopita niliipanga Suratul Kahf kwenye karatasi kubwa ili niifundishe. Visa vikubwa vyake ni vinne: watu wa pangoni, mwenye mabustani mawili na mwenzake, Musa na mja mwema, na Dhul-Qarnayn. Niliviunganisha viwili vya pembeni kwa mshale, nikaandika juu yake "SAFARI", nikaridhika. Mwalimu mmoja mtu mzima aliyekuwa ameketi nyuma akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hilo neno safari umelisoma aya ya ngapi?" Nikatafuta mbele ya watu. Neno hilo lipo katika sura hiyo mara moja tu, aya ya 62, nalo ni la Musa na kijana wake walipochoka. Katika visa nilivyoviunganisha halimo. Kichwa cha habari kilikuwa changu, na mshale ulikuwa umekiunganisha kichwa changu na kichwa changu.

Nilirudi nyumbani nimefedheheka, nikavisoma visa vile viwili upya bila ya kalamu. Safari hii nililiona jua. Katika aya ya 17, jua linapochomoza linaliepuka pango kwa kuinama upande wa kulia, na linapotua linawapita upande wa kushoto, nao wamelala hawajui. Katika aya ya 86 Dhul-Qarnayn anafika linapotua jua, na katika aya ya 90 anafika linapochomoza. Matamko ni ya asili moja, kuchomoza na kutua, ila mfuatano umegeuzwa: pangoni kuchomoza kunatangulia, kwa Dhul-Qarnayn kutua kunatangulia. Na waliolala hawatoki mahali pao, jua ndilo linalowazunguka. Dhul-Qarnayn ndiye anayelifuata jua ncha mbili za dunia. Mshale wangu ulikuwa mahali pake, lakini niliuchora kwa sababu isiyokuwepo. Tangu siku hiyo sikubali jozi yoyote mpaka nione neno la Kiarabu linalojirudia, na hata nikiliona nauliza kama neno hilo ni adimu au ni la kila ukurasa. "Haasha lillaahi" ni ushahidi. Neno "qaala", yaani "akasema", si ushahidi wa chochote.

SWALI: Mwalimu, nafundisha madrasa ya watoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili. Je, somo hili linawafaa, na nianzie wapi? (Mwalimu wa madrasa, Mombasa)

JIBU: Dada yangu, linawafaa sana, na usianze na sura ndefu. Anza na Ayatul Kursi, aya ya 255 ya Suratul Baqara, kwa kuwa wamekwisha ihifadhi na hutapoteza muda. Wape kila mmoja karatasi yenye mistari tisa, waiandike aya kwa vifungu. Wa kwanza uishie "al-Hayyul Qayyuum", na wa tisa uwe "wa huwal Aliyyul Adhiim": majina mawili juu, majina mawili chini. Wa pili ni kwamba hashikwi na kusinzia wala usingizi, na wa nane ni kwamba kuzilinda mbingu na ardhi hakumchoshi. Asiyechoka hasinzii, na mtoto anayepigana na usingizi darasani baada ya alasiri ataelewa kuliko mimi na wewe. Wa tatu ni kwamba ni vyake vilivyomo mbinguni na ardhini, na wa saba ni Kursi yake iliyozienea mbingu na ardhi. Wa nne unauliza ni nani atakayeombea mbele yake, "illaa" kwa idhini yake, na wa sita unasema hawaijui sehemu yoyote ya elimu yake, "illaa" kwa alitakalo; waonyeshe kwamba hiyo "illaa" ya kuruhusu imo katika mistari hiyo miwili inayotazamana. Mstari wa tano unabaki peke yake: anayajua yaliyo mbele yao na yaliyo nyuma yao.

Uwaeleze pia kwamba vifungu hivyo tisa ni mgawanyo wetu wa kujifunzia, na kwamba alama za kusimama zilizo katika Msahafu ndizo za kufuatwa wanapoisoma, asije mmoja wao akaanza kupumzika mahali pasipo pake katika swala. Baada ya hapo waikunje karatasi juu ya mstari wa tano. "Al-Hayyul Qayyuum" italala juu ya "al-Aliyyul Adhiim", "samaawaati" juu ya "samaawaati", na mkunjo wenyewe utapita kwenye maneno "mbele yao na nyuma yao". Usiwaambie mapema kwamba mkunjo utapita hapo. Waache wauone wenyewe.